Loisi na Majani Aliyoyazika

Mkwe wangu Loisi alizika majani. Majani mabichi ya masika, ng'ombe wenyewe wakiyatazama kwa macho! Aliyafyeka kabla hayajatoa mbegu, akayakatakata, akayajaza kwenye shimo kando ya zizi, akayakanyaga kutwa nzima kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea, kisha akafunika nailoni na udongo juu. Nilisimama pale, mikono kichwani.

Kwetu mwenye ng'ombe akifa huzikwa karibu na zizi lake. Mwanangu Nathanaeli, mume wa Loisi, amelala hapohapo. Jirani yetu Anyesi aliporudi safari na kuona tuta jipya, alitupa mzigo chini akaanza kulia.

"Jamani, nani tena?"

"Majani, mama," Loisi akamjibu.

Anyesi akapangusa kamasi. "Majani! Yameugua nini?"

Loisi hakucheka. Sila, mdogo wa marehemu, alikuwa ametamka mbele ya ukoo: mafahali wa kaka yake wakikonda kiangazi, atawaswaga hadi kwake Bahi, wawe wake. Na Loisi alikubali! Mjane, wa kutegemea shimo!

Kiangazi kikafika, mbuga ikabaki vumbi. Loisi akafukua. Harufu ile, mama yangu! Kama pombe iliyochachuka. Tabaka la juu lilikuwa na ukungu, akalitupa. Anatupa chakula kiangazi!

"Huo ukungu unaua ng'ombe, mama. Hii ya chini ndiyo saileji yenyewe, malisho ya kiangazi."

"Iite utakavyo, imechacha. Utawalewesha ng'ombe wa marehemu."

Mafahali wakanusa, wakarudi nyuma. Nikamwambia, si nilisema? Kesho yake wakaonja. Baada ya hapo wakawa wanapigana pembe kwenye hori! Mimi niliyekulia zizini sijapata kuona kitu kama kile.

Ng'ombe wa watu walipoanza kuanguka njiani, Sila akaja na fimbo yake. Akapiga mluzi wa baba yake, ule ambao ng'ombe wetu wote huufuata. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Mama, hawa wamekuwa viziwi?"

"Wanakula," nikamjibu. "Ulisema wakikonda. Haya, nionyeshe mbavu."

Akazunguka, akambonyeza fahali mwekundu mgongoni, vidole vikadidimia kwenye nyama. Akaitazama ile mikono yake, akamtazama Loisi. Akarudi Bahi na fimbo yake tu, na mimi hadi leo sijafunga mdomo kwa mshangao.