Enjenia alitazama mvua ya Januari tu

Jumatano. Miezi mitatu tangu nitoke Masereka, na Jumapili hii nilipaswa nirudi nyumbani kubatiza mtoto wetu.

Leo kinyesi kimeingia ndani ya sufuria yetu ya maharagi.

Hapa Mutwanga tunachimba vyoo, na vya kwanza watu wameshaanza kuvitumia. Enjenia alichagua pahali kwa ramani ya mvua, kwenye programu ya bure ya ordinatere, ile kompyuta yake. «Hapa ni pakavu,» alisema.

Asubuhi mvua imepiga, mashimo yakafurika mpaka jikoni.

Akafungua ramani tena. Kumbe faili ilikuwa na ramani kumi na mbili zimelaliana, moja kwa kila mwezi. Programu ilimuonyesha ya kwanza tu, Januari, wakati wa jua.

«Lakini patron, zile zingine?» nikamuuliza.

«Sikuzifungua. Mutachimba tena kule juu.»

Ptuu! Alafu akauliza kama maharagi yamebakia. Nyinyi mungekula?

Kavira bibi yangu, mubatize mtoto wetu bila mimi. Nitafika Noeli.