Freni za Kambale Zilikuwa Porini

Nakumbuka ule mwaka wa maharagi. Asubuhi maharagi, mangaribi maharagi, dimanche, siku ya kanisa, maharagi pamoja na majani yake, mpaka wadogo zangu bakasahau nyama iko na rangi gani. Kama unataka tarehe, uliza bale balisoma. Mimi ninahesabu miaka kwa tumbo.

Tulikuwa tunakaa upande wa Beni, kijiji cha mwisho mbele ya pori. Kambale, kijana wa ng'ambo ya mto, alitaka kunioa, na aliahidi kuja kujionyesha kwetu na nyama. Mwanangu, usicheke: Kambale nilimupenda, mais ile nyama pia nilikuwa naipenda.

Siku ikafika. Tukasikia kelele kilimani: "Muondoke! Muondoke! Freni hapana!" Kambale anashuka na kinga, baiskeli isiyo na breki, miguu iko hewani, pedali zinazunguka peke yake, na mboloko, ule swala mudogo wa pori, amefungwa nyuma. Wazee husema tamaa mbele, mauti nyuma. Kwa Kambale tamaa ilikuwa nyuma, mauti ndiyo ilikuwa mbele. Akaingia moja kwa moja mu maharagi ya koko yangu, yaliyoanikwa juu ya mukeka, akalala humo kama mbegu.

Koko, mama ya baba yangu, hakumuuliza kama ameumia.

"Freni zako ziko wapi, we kijana?"

"Ziko porini, koko. Ile waya ndiyo nilitegea mboloko."

Baba akacheka, akaanza kunoa kisu. Shangazi alikuwa tayari anasugua sufuria. Mais koko akainama, akapapasa tumbo ya mboloko.

"Huyu iko na mimba."

"Ni mafuta tu, koko," Kambale akasema.

"Mafuta! Mimi nimezaa tisa, wewe hata yai haujataga, unanifundisha tumbo? Mwenye mimba haingie mu sufuria yangu, hata nikufe na maharagi mudomoni."

Baba akamubembeleza. "Mama, munyama ameshakufa. Tukimutupa, atafufuka?"

"Hapana. Mais tukimupika leo, kesho huyu kijana ataleta mwingine. Mutu hatumwi porini na waya. Anatumwa na sufuria."

Akamuambia Kambale amuzike mboloko, atoe mitego yake yote, arudishe waya ku kinga, halafu ndiyo aje kuzungumza juu yangu. Wadogo zangu balilia ku ile maziko kuliko siku tulizika babu. Na mimi nililia. Mpaka leo sijui kama nilimulilia bwana ao muchuzi. Jioni tukakula maharagi, tena yenye muchanga.

Kambale akapotea. Nikasema basi, ameenda kuoa kwenye sufuria haziulizi maswali. Kumbe asubuhi moja kelele tena kilimani. Koko akavuta mukeka wake mbio. Safari hii freni zikalia kiiii, kinga ikasimama mbele ya vidole vyake vya miguu. Nyuma kulikuwa jogoo, amefungwa, amekasirika sana.

"Sasa anajua kusimama," koko akasema. "Huyu anaweza kuoa."

Ndiye babu yako.

Leo niko hapa mu muji, Kimemi, na wewe, mujukuu wa Kambale, unaniletea nyama ya moshi kutoka parc, pori ile balikataza kuwinda, umeifunika na sombe, majani ya muhogo, kama vile mimi ni mupumbavu. "Koko, ni ya Noeli tu." Nimefunua, nimepapasa. Tumbo ninajua, hata likaushwe.

Sikiliza, mwanangu. Sheria ya pori ni freni. Jike mwenye mimba, umuache. Mutoto, umuache. Bakifunga uwindaji, na wewe ujifunge. Mu parc usitie hata kidole. Ukitamani nyama, fuga kobaye, ule munyama mudogo kama sungura. Anazaa kuliko jirani yetu. Anayekula mbegu atavuna majani, na njaa yake hatasema ni ya Mungu.

Mungu akupe bibi mwenye kucheka, moto ya magurudumu mawili yenye freni, na batoto benye kukuta pori lingali na banyama. Mais hii nyama uibebe, uende uizike. Mwenye mimba haingie mu sufuria yangu, hata nikufe na maharagi mudomoni.