Nywele za Siku Chache

Msusi yule watu walimwita Redio, maana asubuhi alifungua mdomo pamoja na mlango wa saluni, na jioni akaifunga yote miwili kwa pamoja. Hakuchukia. Alisema msusi akinyamaza mteja hulala, na mteja akilala shingo hulegea, mistari ikaenda mrama. Siri nyingi za mtaa zilimponyoka, hilo ni kweli. Lakini uongo hakuwa nao, na hata waliomsengenya walikubali.

Basi majibu ya hospitali yalipotoka, kwamba saratani ya wifi yake, mke wa kaka yake, imetoka kwenye titi ikaingia mifupa ya mgongo, Redio aliambiwa wa mwisho. Kaka mtu alikuja akasimama mlangoni mwa saluni, miwani ya kuchomelea mageti ingali juu ya kipaji.

"Mwenyewe hajui," alisema. "Nimemwambia mgongo unamuuma kwa sababu ya godoro. Nimeleta jipya. Alhamisi wanaanza zile dawa kali tena. Mpaka siku hiyo nitakuwa nimepata la kumwambia."

"Na godoro jipya likishindwa utaleta nini, kaka? Nyumba mpya?"

"Dada, nakuomba. Mdomo wako ufunge."

Macho yake yalikuwa mekundu, wala si kwa moto wa kuchomelea. Redio akatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi wifi akamwita aje amsuke. Wifi alikuwa mwalimu wa chekechea. Dawa za mwanzo zilimpukutisha nywele zote, akawa anafundisha na wigi, hadi siku moja likampinda upande, mtoto mmoja akamwambia, "Mwalimu, nywele zako zinachungulia dirishani." Sasa zake mwenyewe zilikuwa zimerudi, laini kama za kichanga, urefu wa kushikika tu. Redio alimkuta sebuleni ameshajikalia kitini, mto mgongoni, kitana na mafuta mapajani.

"Umechelewa, wifi. Au siku hizi unasuka wake za mawaziri?"

"Nasuka wenye nywele. Hizi zako manyoya ya kifaranga."

"Basi msuke kifaranga. Nataka zile ndogondogo, za kukaa mwezi. Jumatatu narudi darasani."

Redio akapaka mafuta. Akagawa mstari, akaufuta, akaugawa tena. Ndogondogo huvutwa kwenye shina na huuma, na yeye hakuwa na desturi ya kumpa mtu maumivu ya mwezi kwa nywele za siku chache. Jikoni kaka mtu alikuwa akiosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

"Wifi, mbona kimya? Betri zimekwisha?"

Moyoni Redio akasema, Mungu wangu, nifunge au unifungue, moja. Kisha akaweka kitana chini.

"Ndogondogo zinauma, wifi. Sitaki kukuumiza kwa nywele ambazo hazitakaa."

"Kwa nini zisikae?"

Vikombe vikanyamaza.

"Alhamisi unaanza dawa tena. Ugonjwa umeingia mgongoni. Si godoro."

Wifi hakupiga kelele. Alijishika kichwa polepole, kama mama anayempima mtoto homa, na machozi yakamtiririka. Redio hakumwambia anyamaze. Alimshika mabega kwa nyuma, basi.

"Na mimi nimelisifu lile godoro kwa majirani wote," wifi alisema mwishowe, akafuta pua kwa ncha ya khanga.

Kaka mtu akatokea, mikono ikichuruzika maji. "Dada, umefanya nini?"

"Mwache," mkewe alisema. "Njoo wewe hapa."

Akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Niliogopa utakata tamaa," alisema.

"Wewe ndiye uliyenikatisha. Ukiingia chumbani hukai. Ukinisalimia unaangalia ukuta. Nikajiambia, mume wangu amenichoka. Usiku nalia kwa hilo, baba watoto, si kwa mgongo."

Mwanamume akalaza kichwa magotini pa mkewe, mabega yakamtetemeka, naye mke akawa anampapasa kisogo kana kwamba mgonjwa ni yeye.

Walipotulia, wifi akajifuta uso. "Nisuke kubwakubwa, za siku chache. Jumatatu nitaenda. Watoto wa darasani nitawaambia mwenyewe kwamba nywele zitaondoka tena, wasije wakadhani nimewaficha."

Redio akaokota kitana. Kaka yake akaambiwa ashike fungu la pembeni lisichanganyike, akalikamata kwa ngumi.

"Taratibu, kaka. Hilo si geti."

Wifi akacheka kidogo.

"Alhamisi utaingia nami mpaka kwa daktari," alimwambia mumewe. "Hukai nje. Akisema neno, tulisikie wote wawili."

"Tutaingia wote," alisema, na safari hii alikuwa akimtazama.