Nyota Mbili za Ngome ya Thani

Ghanim hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Miaka yote aliyofanya kazi wizarani, akisema "si mbaya" basi uliyeambiwa ulikwenda nyumbani ukichekelea. Alipostaafu, yeye na mkewe Masouda wakaanza mchezo wa kuzunguka jangwani kutazama ngome, hifadhi za wanyama na makaburi ya kale, kisha kuyapa nyota kwenye ramani ya simu. Kazi ya kupunguza nyota ikawa ya Ghanim, ya kuongeza ikawa ya Masouda. Hifadhi moja ya choroa Ghanim aliipa mbili, kwa sababu walikaa nusu siku juani na choroa waliyemwona ni yule wa kwenye bango. Masouda akasema hata yule wa bangoni kapendeza. Wakaandika tatu.

Nyota haikutolewa mpaka kahawa inywewe. Walitandika mkeka kwenye kivuli cha gari, na hapo Ghanim akishakaa, hainuki. Angeweza kutazama mchanga mpaka giza. Masouda ndiye aliyeitikisa finjani yake, kama ilivyo ada ya kuonyesha kwamba mtu ametosheka, asimiminiwe tena. Ikitikiswa hiyo, Ghanim anakunja mkeka.

Masouda alifariki mwezi wa Shaabani. Watu wakajaa msibani, wakaomba dua, wakaondoka. Mtoto wao, Hisham, akarudi Salalah kazini. Nyumba ya Madinat Sultan Qaboos ikabaki na Ghanim na mngurumo wa kiyoyozi. Mtaa wenyewe si wa jirani kukugongea kuomba chumvi. Kila mtu na geti lake. Hisham alipiga simu kila Ijumaa kuuliza kama baba amekula. Amekula. Basi, simu ikaishia hapo. Upweke wake hakuwa na wa kumwambia, maana aliyezoea kumwambia mambo yake ndiye aliyekwenda.

Baridi ilipoingia akawasha gari peke yake. Akaenda kwenye ngome ndogo ya udongo nje ya Ibra, waliyoipenda kuliko zote, ambayo waliipa nyota tano bila kugombana. Ya tano hasa ilikuwa ya mlinzi wake, Thani. Mama yake Thani alizaliwa Unguja, na kila walipofika Thani aliwatolea kahawa na kuzungumza nao Kiswahili mpaka wakasahau kuitazama ngome. Siku hiyo Thani hakuwepo, zamu ilikuwa ya mtu mwengine. Ghanim akapanda mnara, akaona mchanga ulivyopata rangi, akageuka amwambie Masouda. Akashuka. Ndani ya gari akafuta zile tano, akaweka mbili, akaandika: "Hakuna cha kutazama."

Hasira hasara. Baada ya muda akakuta jibu chini ya maneno yake, kwa Kiswahili: "Ami Ghanim, mama hupenda nimsomee unayoyaandika. Haya nimeona haya kumsomea. Nimekukosea nini? Thani."

Ghanim alilikalia jibu hilo siku kadhaa. Kuandika "hukunikosea" kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka jina la Masouda pamoja na neno linalofuata. Akinyamaza, amempoteza Thani, na huko jangwani hapakuwa na mwengine aliyewajua wao kama watu wawili. Mwisho akatia petroli, akaenda.

Thani alikuwa amenuna, lakini mgeni ni mgeni. Akatandika mkeka, akaleta birika la kahawa, tende, na finjani tatu.

"Karibu, Ami," akasema bila kumtazama. "Bi Masouda hateremki garini?"

"Hateremki."

"Na yeye kakasirika?"

"Masouda kafariki, Thani. Tokea Shaabani. Siku ile nilikuja peke yangu. Ngome yako haina kosa, mie ndo nna kosa. Sijui kutazama kitu peke yangu."

Thani akabaki amelishika birika. "Inna lillahi," akasema. Kisha, "Na mie nkakuandikia vile."

"Umefanya vizuri. Hakuna mwengine alouliza."

Ghanim akatoa simu azirudishe nyota. Thani akamzuia mkono.

"Iweke simu, Ami. Mama ntamweleza mwenyewe. Kunywa kahawa."

Akanywa, akaiweka finjani bila kuitikisa. Thani akamimina tena. Wakamzungumza Masouda, siku alipomfundisha Thani mchuzi wa nazi kwa jodari wa kopo, akamwambia huku kwenu hata samaki mnawapata wamevaa bati. Ghanim akacheka, na kucheka kwenyewe kukamuuma.

Jua likainama, saa ya kufunga geti ikapita. Thani asingeweza kusema neno; mgeni ambaye hajatikisa finjani humiminiwa. Ghanim alilijua hilo, na aliona haya. Lakini akitikisa tu, ndiyo safari ya kurudi kwenye nyumba ile. Akaendelea kunywa, moyo ukimdunda kwa kahawa.

Hatimaye akanyoosha mkono kwenye finjani ya tatu, ya Masouda, ambayo haikuguswa tangu iletwe. Akaiinua, tupu, akaitikisa.

Thani akaliweka birika chini. Ghanim akainuka, akaanza kukunja mkeka.