Wimbi la Kwanza Lilibaki Kunywa Kahawa

Ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, aliuza vipuri vya viyoyozi mjini Ibra, lakini nafsini mwake alikuwa kamanda wa vifaru. Alipokuwa kijana huko Bara, kabla hatujahamia Oman, jeshi lilimpeleka kusoma kwa Warusi, enzi za Sovieti. Alirudi na kofia ya manyoya, ambayo Ibra huwezi kuivaa hata Januari, na imani kwamba hakuna jambo duniani lisilopangika kwa mawimbi.

Mwanawe alifanya kazi benki Nizwa, na kila Alhamisi alikuja kumbishia. Mwaka ule Warusi walikuwa wametoka kupigana Jojia, basi sinia ya tende haikuliwa tena kwa amani. Tende zilikuwa vifaru, vikombe vilikuwa mizinga, na mimi mwenye njaa nikiambiwa nisiguse ubavu wa kushoto.

"Baba, hayo mambo ya zamani," mwanawe alisema. "Divisheni kubwa kubwa, amri yote kutoka juu. Sasa wanataka brigedi ndogo, kila kikosi kina mizinga yake, kinajitegemea."

"Kinajitegemea mpaka kiishiwe watu!" Ami alifoka. "Sisi tulifundishwa: wimbi la kwanza linapasua, la pili linapita penye upenyo. Palipokwama huongezi mtu, unaongeza palipopenya. Hawa wa leo waliingiza vifaru Chechnya mjini bila askari wa miguu wa kutosha. Jojia nako tumesikia makamanda wanaazima simu za waandishi wa habari ili watoe amri. Wallahi, aibu!"

Ningewaachia waendelee mpaka kiama, ila mwaka huohuo nilikuwa naoa. Baba wa msichana, mtu wa Aija, kule Sur, alinikubali shingo upande. Kwake sisi wa Ibra tuliotoka Bara tulikuwa watu wa maneno mengi na saa mbovu. Alituma ujumbe: tusipofika kabla ya maghribi, kila mtu ashike njia yake. Nilimpenda yule binti hata usingizi ulinipaa, na Ami akaniambia nisijali, msafara ataupanga yeye.

Nilijali zaidi.

Aliyagawa magari mawimbi mawili. La kwanza lake; la pili langu mimi, wazee na mwanawe, nyuma kidogo, na hakuna gari kusogea bila amri. Mwanawe aliomba twende vikundi vidogo vidogo, kila kimoja na mzee wake na halua yake. Alinyamazishwa. Siku moja kabla, Ami alituma gari la upelelezi likaikague njia, na hapo ndipo tulipojimaliza wenyewe. Mpelelezi gani wa kwetu apite Al Qabil, hapo njiani, asimsalimie jamaa? Walisalimia, wakaulizwa wanakwenda wapi, wakajibu vizuri, na saa ya msafara wakaitaja.

Kesho yake tulipokaribia Al Qabil, shemeji yake Ami alikuwa amesimama katikati ya barabara na birika la kahawa, na wanawe wamejipanga pande zote mbili. Kumpita mtu yule ni kununua ugomvi wa maisha. Kuingia kwake ni kula halua mpaka alasiri ikuage. Wimbi la pili tulisimama kituo cha petroli, nyuma, tukitazama magari ya mbele yakivutwa shambani kwake moja baada ya jingine. Nilitamani kulia, na kanzu yangu mpya ilikuwa imekwisha kulowa jasho.

Simu ya mwanawe ikalia. Ilikuwa sauti ya Ami, ya chini.

"Wimbi la kwanza limekwama. Wimbi la pili, piteni."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi sitikisi kikombe."

Tulimwelewa. Kwetu Oman mgeni akitosheka hukitikisa kikombe. Asipokitikisa, mwenyeji humimina tu, wala hawezi kumwacha akaenda kusimama barabarani. Ami alikuwa amemfunga shemeji yake kwa kahawa. Mwanawe akashika uongozi, akatugawa kama alivyotaka tangu mwanzo. Tukapita gari moja moja, kimya, kama watu waliotumwa mkate. Bidiya, mbele kidogo, tulikuwa na jamaa wengine waliojua saa yetu, lakini wao walikuwa wanangojea msafara mkubwa wenye honi. Hawakututambua.

Tulivuka daraja la Aija jua lingali juu. Ndoa ilifungwa, adhana ya maghribi ikatukuta tunapeana mikono, na mimi nikitazama mlangoni. Mtu aliyenifundisha hata kufunga kilemba hakuwepo. Iliniuma.

Aliingia baada ya isha, kilemba upande, macho yamemtoka.

"Lengo limechukuliwa?"

"Limechukuliwa, Ami. Shikamoo."

"Marahaba. Alhamdulillahi." Akaketi kama gunia.

Baba mkwe alikuja mwenyewe na birika. "Huyu ndiye aliyechelewa?"

"Huyu ndiye aliyebaki nyuma," nilisema, "ili mimi niwahi."

Nikamweleza yote. Mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akammiminia Ami kikombe kwa adabu zote. Ami alikitazama kama mtoto anavyotazama sindano. Akakipokea, akanywa, akakirudisha, na mkono wake ulitetemeka kwa kahawa ya mchana kutwa hata kikombe kikajitikisa chenyewe.

"Basi, ndugu yangu," alisema baba mkwe, akiweka birika chini. "Pumzika. Umefika."