Nilivyosafiri na Medali Isiyo Yangu

Nianze na sababu ya kuondoka, maana majirani zangu wa kambi ya reli hapa Elisabethville walitunga sababu zao. Wengine walisema nimemkimbia mume, wengine kwamba nimekwenda kutafuta dawa. Niliondoka kwa ajili ya kipande cha shaba kilichoning'inia kwenye utepe wa bluu, nilichovalishwa shingoni mbele ya watu kule fuwaye. Fuwaye ni ile nyumba ambamo mamuzeli, mabinti wa Kibelgiji, walitufundisha akina mama kushona, kufuma, na kuogesha watoto ambao tulikuwa tumeshawaogesha miaka mingi. Mwaka ule waliweka mashindano ya kutia viraka. Kila mama alipewa suruali iliyochanika, akae nayo nyumbani mwezi mzima, kisha airudishe. Yangu ilirudi kiraka hakionekani. Mamuzeli aliigeuza nje ndani, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akasema hajaona kazi kama ile tangu afike Kongo.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa mamuzeli amesharudi kwao. Suruali ile sikuishona mimi. Aliishona mume wangu, Baba Ilunga, ambaye kabla ya kuja kufanya kazi kwenye karakana ya reli alilelewa Kasongo na mjomba wake, fundi cherehani. Jumapili ya kwanza alinitazama nikishona, akavumilia. Jumapili ya pili akaninyang'anya sindano. Tulifunga mlango, maana mwanamume wa kambini akionekana anafanya kazi ya shule ya mke wake, atapewa jina ambalo hata wajukuu watalirithi. Yeye alishona, mimi nilikaa mbele yake nikitafuna karanga na kumcheka. Ndivyo nilivyoshinda.

Habari ilimfikia baba yangu kijijini, kando ya ziwa Mweru upande wa Pweto, kabla sijaamua kama nimwambie au nimfiche. Wachuuzi wa samaki hawajui kufunga mdomo. Baba ni msukaji wa migono, ile mitego ya fito ya kuvulia samaki, na tangu utoto wangu hakuwahi kusifu kitu nilichokigusa. Nilipokuwa na miaka kumi niliuharibu mgono wake mmoja, naye akasema nimezaliwa na mikono ya kubomoa, akaniondoa kabisa kwenye kazi ile. Sasa mchuuzi akaniletea neno lake: "Nilisikia. Ulete nione." Kwa baba hayo ni maneno mengi. Nilikuwa mama wa watoto wanne, na bado nilitamani mzee yule aseme, hata mara moja, kwamba mikono yangu inafaa. Basi nikafunga safari kumpelekea uongo.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la samaki lililokuwa likirudi Kasenga tupu. Samaki walikuwa wameshuka, harufu yao ilikataa. Baba Ilunga alinishauri niivae medali shingoni, kwani ndani ya kikapu ingepotea. Nikamwambia yeye ndiye aliyestahili kuivaa. Akageuka kulia na kushoto kuangalia kama kuna jirani aliyesikia, kisha akaniaga haraka kuliko kawaida yake.

Njia ya Kasenga ni vumbi jekundu, vichuguu virefu kupita nyumba, na madaraja ya mbao. Kwenye kila daraja dereva alishuka, akazikanyaga mbao moja moja kwa mguu, akarudi na kutushauri tusali. Tulisali mara nyingi siku ile. Jioni tulifika mtoni Luapula, nikalala kwa shangazi yangu, ambaye aliitazama medali wakati wote wa chakula bila kuuliza kitu. Kesho yake alinipa maji ya kuoga ya moto, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

Siku ya pili nilielewa. Nilipopanda boti la kwenda ziwani, nahodha aliiona medali shingoni mwangu, akamwondoa karani mmoja kwenye kiti chenye mto, akanikaribisha mimi. Nilipouliza kwa nini, alijibu kwa upole kwamba sultani hawezi kukaa juu ya mizigo. Katika nchi yetu medali ya shingoni ina maana moja tu: serikali ya wazungu humpa sultani, yaani chifu, ili watu wajue ni nani wa kutii. Mwanamke mwenye medali hakuna aliyewahi kumwona, lakini hakuna pia aliyetaka kuwa wa kwanza kutia shaka. Ningeweza kumweleza nahodha. Lakini mto ulikuwa laini na karani alikuwa na majivuno. Nikakaa.

Siku ya nne boti lilisimama kupakia kuni katika kijiji nitakachokiita Chifita, na hapo nilishuka, kwa kuwa kutoka hapo hadi kwa baba ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Habari zangu zilikuwa zimenitangulia, sijui kwa njia gani. Wanawake wawili walinisubiri gatini na bata mmoja. Kila mmoja alisema bata ni wake, wakaniomba nikate kesi. Kama ningekuwa mtu mwema ningekataa. Nikaamuru bata afunguliwe, na atakapoingia ndipo kwao. Bata akajinyoosha, akavuka uwanja bila wasiwasi, akaingia nyumbani kwa katekista. Nikatangaza kwamba kesi imekwisha. Wale wanawake wawili, ambao hawakuwa wamesemezana tangu masika, wakaondoka pamoja kwenda kumgombeza katekista.

Mchana huohuo aliniita sultani mwenyewe, yule wa kweli. Alikuwa mzee mwembamba, mguu mmoja mfupi, na medali yake ilikuwa mara mbili ya yangu, ina kichwa cha mfalme. Alikuwa amesikia kwamba kuna mtu anakata kesi katika ardhi yake. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za safari, za mume na za watoto wote wanne, kisha akaelekeza kidole kifuani pangu.

"Mama, hii medayi ulipata juu ya nini?"

"Juu ya kutia viraka, sultani."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alifumba macho kama mtu aliyejibiwa sala, akaagiza koti lake jeupe la kazi liletwe, lile lenye vifungo vya kung'aa. Panya walikuwa wamelitafuna begani, tundu la kupitisha ngumi.

"Kesho bwana mukubwa wa serikali anakuya kuhesabu bantu," akasema. "Anikute na koti ya panya? Mungu njo alikutuma. Lakini kama hauwezi kushona, basi weye iko muntu wa bongo, na medayi itabakia hapa."

Muntu wa bongo ni mtu wa uongo. Niliyajua maneno hayo kabla hajamaliza kuyatamka. Bila medali nisingeweza kumtokea baba, na kijiji kizima cha Chifita kingejua kwa nini. Nilipewa sindano, nikaketi barazani, koti mapajani.

Nilichokuwa nacho ni zile Jumapili za karanga. Macho yangu yalikuwa yamemtazama Baba Ilunga mwezi mzima bila kujua kwamba yanajifunza. Nilikumbuka kwamba kitambaa cha kiraka hukatwa kwenye pindo la ndani la nguo yenyewe, ili rangi isibishane. Nilikumbuka kwamba hata uzi huchomolewa humohumo. Nikakata, nikachomoa, nikaanza. Mara ya kwanza bega lilijikunja, nikafumua. Mara ya pili nilishona koti pamoja na kitenge changu, nikasimama nalo, na watumishi wa sultani wakalazimika kutazama pembeni. Mara ya tatu nilijichoma, na damu kwenye koti jeupe ni kesi nyingine; nikailowesha kwa mate hadi ikafifia. Niliona uchungu, nikamlaani mamuzeli, panya na mfalme wa Ubelgiji kwa mpangilio huo. Halafu, sijui ni saa ngapi, nikagundua kwamba muda mrefu sijalaani mtu. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, polepole, na mimi nilikuwa nafurahi. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya kuvalishwa medali.

Jua lilipopungua nilimpelekea koti. Sultani alilivaa, akalivua, akalitazama bega kwa karibu.

"Inaonekana," akasema. "Na tena iko inapinda."

Nilikuwa nimechoka mno kutunga kitu. Nikamweleza yote, suruali, mlango uliofungwa, karanga. Alicheka mpaka mtumishi akamletea maji. Alipotulia, akanisimulia yake. Wazungu walipokuja kutafuta sultani, mwenye haki ya kutawala alikuwa kaka yake, lakini kaka alikimbilia porini na watu wote wenye akili. Yeye kwa sababu ya mguu hakuweza kukimbia, wakamkuta, wakamvika medali.

"Bale bake zangu babili, mama, balikuwa banatupiana masufuria," akasema, akiwaonyesha wake zake wawili jikoni. "Miaka kumi na moja nilibasemesha. Leo banakula mu sahani moja. Ile njo kazi yangu. Hakuna muntu alinipatia medayi juu ya ile."

Alinirudishia medali yangu, akanisihi niondoke kabla jua halijapanda, kwa sababu medali mbili uwanjani zingeichanganya serikali. Hivyo nikaondoka bila kujua kama kiraka kitavumilia hata kupiga saluti moja.

Siku ya tano alasiri nilifika kwetu, miguu imevimba. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, na wanawake walinipokea kwa vigelegele tangu mashambani. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anasuka mgono. Alinisalimu, akauliza kama watoto ni wazima, akanyoosha mkono. Nikamwekea medali kiganjani. Aliipima uzito, akaigeuza, na niliona anatafuta neno la kuniambia. Ndipo nikashindwa. Nilimwambia medali si yangu, ni ya mume wangu, kazi yote ni yake. Kisha nikaongeza, kwa sauti ya mtoto, kwamba koti la sultani wa Chifita nimelishona mwenyewe, bega la kulia.

Mikono ya baba ilirudi kwenye fito. Alisuka duara zima, akalikaza.

"Usiseme kwa bantu kwanza," hatimaye akasema. "Mbuzi ilishakufa."

Tukala. Baba aliketi kati ya wageni wake, akasifiwa kwa binti yake, akaitikia kwa kichwa kila aliposifiwa. Nilikaa siku sita. Juu ya koti hakuuliza, na mimi sikuthubutu kulitaja. Siku ya kuondoka alinipa samaki wakavu na kuniombea njia nzuri. Niliumia, sitaficha. Nilijiambia kwamba nimekwenda na uongo nikarudi na ukweli, na vyote viwili havikumfaa mzee.

Kurudi nilipitia upande wa Kilwa, ile ya ziwani kwetu, si ile ya pwani, nikaiweka medali ndani ya kikapu na kukaa juu ya mizigo kama wenzangu. Yule karani alikuwapo kwenye boti, juu ya mto wake. Alinitazama sana.

Elisabethville, siku niliyofika, nilifunga mlango na kumvalisha Baba Ilunga medali yake. Alikataa, akaisukuma mikono yangu, akasema watu wa karakana watamcheka mpaka pensheni. Asubuhi nilimwona akiivaa chini ya shati, akifunga vifungo vyote hadi cha koo, na kuna joto. Anaivaa mpaka leo. Mimi nilirudi fuwaye na kumwomba mamuzeli suruali mbovu zaidi aliyonayo. Ilirudi na kiraka kinachoonekana toka barabarani. Alishangaa jinsi nilivyoporomoka, nami niliona raha ambayo sikuweza kumweleza. Hilo ndilo nililojifunza safarini: sifa nilizipata mapema, kazi nikaipata baadaye, na katika hizo mbili ninayoiota ni kazi.

Miezi miwili baadaye, sokoni, mchuuzi wa samaki aliniita kwenye meza yake. Alisema baba yangu hajambo, ila amewashangaza watu. Mzee ambaye hakuwa ametoka kijijini tangu mama yangu afariki alichukua fimbo, akatembea siku nzima hadi Chifita, akaomba kuonana na sultani. Hakuwa na kesi. Aliomba aletewe koti. Akalilaza bega la kulia juu ya goti, akalipapasa kama anavyopapasa mgono uliokwisha kusukwa, kisha akakikamata kiraka kwa vidole viwili na kukivuta kwa nguvu, mara tatu, sultani akimtazama kwa hofu. Akashukuru, akarudi.

"Alinituma nikuambie," mchuuzi akasema. "Anasema: kinapinda. Anasema: hakitoki."

Nililia palepale mbele ya samaki wakavu, na mchuuzi, akidhani nalia kwa sababu ya bei, akanipunguzia.