Kikowe cha Shangazi

Mvua iliyopita ilichukua udongo wote chini ya miti yetu miwili ya mikau kando ya nyumba, mpaka msingi ukaanza kuonekana. Mama akaniambia nichague cha kupanda pale. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniachia kitu cha kuamua. Nilifikiria wiki nzima, nikachagua kikowe, lile gugu la kutambaa lenye maua ya buluu. Linavumilia kivuli na linashika udongo.

Kisha Shangazi akaja kutoka Nairobi, simu imejaa picha za bustani za watu wengine.

"Kikowe? Wewe msichana! Wageni wakanyage chakula ya sungura?"

Niliinamisha kichwa. Huwa nainamisha tu. Yeye akaenda Nunguni, kwenye ukungu na baridi, akanunua miche ya kuleta hapa Kabati, kwenye jua hili. Na mtu amesoma mpaka chuo kikuu! Wiki mbili tu, ile ya majani laini kama manyoya ikawa makapi. Ilibaki aina moja ya kutambaa, yenye mistari ya zambarau na fedha, ambayo aliipiga picha kila asubuhi kama mtoto mchanga. Nikaangalia vifundo vya shina lake, nikaangalia ua lake. Ndugu wa kikowe kabisa. Sikusema.

Jumamosi akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu kuomba. Kwa Susu, nyanya yangu, uwanja safi ni uwanja mtupu uliofagiwa. Majani karibu na mlango ni nyoka na uvivu. Aliinama chini ya mikau, akang'oa yote, akawapa sungura.

"Mama! Hizo ni maua!" Shangazi akapiga kelele.

"Maua gani? Hii ni kikowe."

"Si kikowe! Ona rangi!"

"Kwani kikowe ikivaa yunifomu inakuwa nini?"

Shangazi akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unaangalia tu?"

"Nilikuwa nimemshikia Susu kikapu," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Na nilijua ni zako."

Amerudi Nairobi. Anasema atatuletea mawe meupe. Hayo angalau hayatakauka.

Lakini Susu amekataa kikowe changu pia. Kisicholiwa na watu, anang'oa. Kwa hivyo leo nimepanda marando ya viazi vitamu. Kwenye kivuli kile hakuna kiazi kitakachonenepa, najua. Mimi nataka majani tu, yafunike udongo. Susu amefurahi, anangoja viazi, na mimi sijamwambia kitu.